Alhamisi za Kalimawe

Nilipopewa barua ya kwenda kufanya kazi Upareni, nilikuwa sijawahi kuishi mahali ambapo nikifungua mlango asubuhi sioni maji. Nilizaliwa Ukerewe, kisiwani, na chuo cha uuguzi nilichosomea kilikuwa Mwanza, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Uhuru ulinikuta hapo chuoni. Tulilia, tukaimba, tukachelewa wodini siku iliyofuata na hakuna aliyetugombeza. Miaka michache baadaye nikawa mkunga mwenye cheti, na cheti hicho kikanipeleka kwenye hospitali ndogo ya milimani, juu ya Gonja. Nilisafiri kwa treni, kisha kwa basi, kisha kwa miguu, huku sanduku langu likiwa kichwani kwa mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni. Nilimwomba mara tatu anipe nilibebe mwenyewe. Mara ya tatu alinitazama viatu, akacheka, akaendelea kupanda.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari ya tanga, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Baba yangu alikuwa na mashua ya mbao. Alichukua pamba na mpunga kutoka visiwani akivipeleka Mwanza, na kurudi alileta sabuni, chumvi na vitambaa vya maduka. Hakupata mtoto wa kiume. Tulikuwa mabinti wanne, mimi wa kwanza. Nilipofika umri wa miaka tisa alikuwa amechoka na vibarua waliomkimbia kila msimu wa kulima, akamwambia mama, "Huyu atakwenda na mimi."

"Wa kike huyo," mama akasema.

"Kwani kamba inauliza?"

Basi nikaenda. Nilijifunza kushika usukani kabla sijajifunza kusuka ukili. Wengi walidhani napenda safari, au napenda Mwanza na maduka yake. Nilichokipenda ni kile kipindi kifupi baada ya kutoka pwani, tanga linapojaa kwa mara ya kwanza, mashua inainama upande kidogo na kuanza kwenda yenyewe, na mtu unagundua kwamba hujawaza chochote kwa muda. Baba hakusema neno wakati huo. Nami sikusema.

Sasa nilikuwa milimani. Siku ya kwanza nilimuuliza mhudumu wa wodi kama kuna maji karibu. Akasema yapo, kuna ndiva kubwa nyuma ya kanisa. Nilishuka mbio jioni ile ile kwenda kuiona ndiva. Nikakuta bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia migomba, zuri kabisa, lililozungushiwa mawe na udongo na wazee wa ukoo tangu zamani, lenye ukubwa wa uwanja wa nyumba. Bata wawili walikuwa wameshalijaza. Nilikaa ukingoni nikacheka peke yangu, halafu nikaona nalia kidogo, nikarudi kula makande.

Kazi ilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kufundishwa. Tulikuwa wakunga watatu kwa milima yote ile. Akina mama waliletwa kwenye machela, wakibebwa na waume zao na mashemeji kwa njia ambazo mimi nilizipita kwa kushika majani. Wengine walifika wamechelewa siku nzima. Kulikuwa na kengele ya chuma iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrivea mbele ya wodi, na ikilia, aliye karibu alikimbia, awe zamu au asiwe zamu. Nilikuwa nikiisikia hata isipolia.

Mkuu wetu alikuwa matroni, Mpare wa huko huko, mwanamke mrefu mkavu aliyekaribia miaka hamsini, mjane. Aliongea polepole na hakupandisha sauti. Chumba chake kilipakana na wodi ya wazazi, na mlango wake ulikuwa wazi daima ili asikie. Nilifanya naye kazi mwaka wa kwanza wote bila kumwona hata mara moja akiwa amekaa na kuegemea kitu. Nilimwogopa, na baada ya muda nikampenda, lakini kumwogopa hakukuisha.

Asubuhi moja, mvua ya masika ilipokuwa imekatika na hewa imesafishika, nilikuwa naanika mashuka kwenye kamba ya nyuma. Kutoka pale uliona bonde lote la chini, mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama yamechanwa kwa kitana, na baada yake nyika hadi mwisho wa macho. Katikati, mahali ambapo siku zote nilidhani ni vumbi au ukungu, kulikuwa na kitu kinang'aa.

"Kile nini?" nikamuuliza matroni, aliyekuwa anapita na ndoo.

"Kalimawe. Bwawa. Waliziba mto kabla ya Uhuru."

"Kubwa?"

"Mimi sijafika majini. Wanasema mtu akisimama ng'ambo humtambui." Akatazama shuka nililokuwa nimelishika. "Hilo linaburura chini, nesi."

Kila Alhamisi landrova ya hospitali iliteremka kufuata dawa na mahitaji Same, na kurudi jioni. Alhamisi ilikuwa pia siku yangu ya mapumziko, nikitakiwa kuripoti zamu saa kumi na mbili jioni. Dereva akakubali kuniacha njia panda ya Kalimawe na kunipitia saa kumi. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama tu. Nilikuta maji mapana yaliyozungukwa na matete, wavuvi wakisukuma mitumbwi yao kwa pondo, na upepo wa mchana ukitoka upande wa nyika ukikwaruza uso wa maji mpaka milimani. Hakuna tanga hata moja. Nilivua viatu nikasimama majini hadi magotini. Nilisimama hivyo saa nzima, mpaka mvuvi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwenye kunipa chombo alikuja mwenyewe hospitalini. Alikuwa fundi seremala wa shamba la mkonge kule bondeni, ambaye mkewe alikuwa amebanwa na uchungu kwa muda mrefu. Nilikuwa namhudumia mkewe, na kila nilipotoka nje kumpa habari nilimkuta amekaa kwenye ngazi anachonga kipande cha mti kwa kisu. Mtoto alipozaliwa, msichana mwenye mapafu ya nguvu, nilitoka kumwita, nikaona alichokuwa anachonga. Ilikuwa mashua ndogo.

"Mlingoti wako umekaa nyuma mno," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, maneno yalitoka yenyewe.

Akanitazama kwa mshangao. "Kwetu tunauweka hapo."

"Kwenu wapi?"

"Nyasa. Upande wa Mbamba Bay."

"Kwetu Ukerewe unakaa hapa." Nikamwonyesha kwa kidole. Halafu nikakumbuka kilichonitoa wodini. "Umepata binti, fundi. Mama yake mzima."

Alilia na kucheka, akaingia ndani, na alipotoka swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa pale mbele hauzamishi pua?"

Tulijenga chombo chetu kwa miezi minne. Nasema tulijenga, ingawa mimi nilikuwa na Alhamisi tu, naye alikuwa na mikono. Mbao zilitoka kwenye masanduku makubwa yaliyoletea mashine shambani, ambayo yalikuwa yametupwa nyuma ya karakana na msimamizi akasema nani anayahitaji. Nyufa tulizikalafati kwa nyuzi za mkonge na lami. Tanga nililishona mimi, la magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka maandishi yakabaki kama moshi, kwa sindano za kushonea vidonda ambazo zilikuwa butu, hazifai tena chumba cha upasuaji. Mlingoti tuliupanda palepale tulipobishania, katikati ya Nyasa na Ukerewe, na kila mmoja akadai ameshinda.

Siku tulipokiteremsha majini wavuvi waliacha kazi zao wakaja kutazama. Mke wa fundi alikuwepo, mtoto mgongoni. Fundi akasema niingie mimi kwanza. Nikavuta kamba, tanga likapigapiga, likajaa, na kile chombo cha masanduku kikainama upande na kwenda. Nilisikia watu wakipiga kelele ufukweni kisha sikuwasikia tena. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na nilikuwa sijashika usukani kwa miaka minane.

Jioni ile nilirudi wodini nimeungua pua. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kujifungua akamwambia mwenzake kwa Kipare, wakidhani sielewi, kwamba nesi leo amependeza, labda amepata mchumba.

Basi nikawa na maisha mawili. Siku sita nilikuwa wa milimani, wa damu na maji ya moto na vilio, wa kupanda na kuteremka migombani kuwatembelea waliojifungulia nyumbani. Siku ya saba nilikuwa Kalimawe. Niliyajua maji yale mpaka nikaweza kuyapita nimefumba macho: visiki vya miti vilivyozamishwa upande wa kaskazini, mahali upepo unapojigeuza ukikaribia tuta, saa unapokatika. Watu walinionya habari za mamba. Sikuwahi kumwona hata mmoja, ila nilikunja miguu yangu ndani.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili. Baada ya Azimio, kazi iliongezeka. Bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka, shamba likapunguza watu, na wale waliotoka mbali, Wanyasa, Wabena, Wamakonde, ambao hawakuwa na pa kurudi, walianzisha kijiji cha ujamaa karibu na bwawa, wakalima mahindi na pamba ya pamoja. Fundi alikuwa mmoja wao. Wake zao wakaanza kupanda kwetu kujifungua. Wakati huohuo mmoja wa wakunga wetu alihamishwa kwenda Tanga. Tukabaki wawili, matroni na mimi, na mwanafunzi mmoja wa uuguzi.

Ningeweza kuacha Alhamisi zangu wakati huo. Niliwaza kuziacha, tena zaidi ya mara moja. Lakini matroni hakusema niziache, nami sikumuuliza, kwa kuwa nilijua jibu la haki lingekuwa lipi.

Siku ambayo mambo yaliharibika, upepo ulikuja mapema na kwa nguvu. Nilikuwa mbali, karibu na ng'ambo, na badala ya kukunja tanga niliona raha ya kwenda kasi. Nilikwenda kasi kweli. Kisha nikasikia mlio kama tawi linavunjwa kwa goti, mlingoti ukakatika chini, na tanga lote likaanguka majini na kugeuka kuwa nanga. Kasia nilikuwa nalo moja. Upepo ulinisukuma hadi ndani ya matete ya ng'ambo, na nilipojinasua, nikiwa nimechubuka viganja vyote viwili, jua lilikuwa limeshuka sana. Landrova ilikuwa imenisubiri kadiri ilivyoweza. Ilikuwa imebeba chanjo kwenye sanduku la barafu, na barafu haimsubiri mtu. Dereva aliondoka.

Nililala kwa fundi na mkewe. Alfajiri nikaanza kupanda mlima kwa miguu. Nilifika hospitalini saa nne asubuhi, nikamkuta matroni anaosha mikono kwenye beseni la nje, mpaka viwikoni, taratibu, kama mtu ambaye amesahau kwamba anaosha mikono.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba. Umeumia?"

"Hapana."

Akaviona viganja vyangu. "Hivyo vifunge kwanza. Halafu wodi yako inakusubiri."

Habari nilipewa na mhudumu. Tangu jioni walizaliwa watoto watatu. Mmoja alikuja kwa matako, mtoto wa kwanza wa mama kijana wa Msangeni aliyekuja kuolewa huku, naye alitokwa na damu nyingi baadaye. Matroni alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri ya siku ile ya Alhamisi, akaendelea na zamu yangu mpaka muda ule nilipomkuta, akiwa na mwanafunzi tu. Wote watatu walikuwa hai, na mama zao. Nilikwenda kumtazama yule wa Msangeni. Alikuwa amelala, mweupe midomo, mtoto kwapani. Niliingia stoo ya mashuka nikafunga mlango nikalia mpaka nikatosheka, kisha nikatoka kufanya kazi.

Jioni matroni aliniita chumbani kwake. Nilikaa kwenye kiti, yeye akabaki amesimama.

"Nieleze kitu kimoja," akasema. "Mtu akifika pale katikati ya maji, anapata nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. "Sijui, matroni. Napumzika."

"Kupumzika kunawezekana kitandani."

"Kitandani naisikia kengele."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Mimi pia naisikia," akasema. Kisha: "Hutateremka tena mpaka nitakapokwambia. Sikuadhibu. Sina mtu mwingine."

"Ndiyo, matroni."

Nilikaa milimani miezi saba. Fundi alinitumia salamu kwamba chombo amekipindua ufukweni na kukifunika makuti, na kwamba mlingoti mpya ataupanda mahali pa Nyasa maana pa Ukerewe tumeona matokeo yake. Nilicheka, halafu sikujibu. Nilijiambia nimekua sasa. Wenzangu wengi walikuwa wakijitolea kwa taifa kwa jasho kubwa kuliko langu, wakichimba mitaro, wakifundisha watu wazima kusoma baada ya kazi, nani angeweza kunihurumia kwa kukosa tanga? Nilifanya kazi kwa bidii. Hakuna aliyeweza kuniambia kitu.

Lakini kitu kilikuwa kinakauka. Niligundua siku moja mchana, nikimhudumia mama aliyekuwa anazaa mtoto wa tano. Aliniomba maji, nikampa. Akaomba tena, nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua, kwamba mimi si mtumishi wake, asubiri kama wengine wanavyosubiri. Hapakuwa na wengine. Alikuwa peke yake wodini.

Alinitazama tu. "Nesi," akasema, "nimekukosea nini?"

Nilipogeuka nilimwona matroni mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliingia, akamimina maji, akamnywesha yule mama mwenyewe, na hakuniambia lolote, wala siku ile wala kesho yake. Mtoto alizaliwa salama, mvulana. Nilimwomba mama yule msamaha na akanisamehe upesi, upesi kuliko nilivyostahili.

Wiki mbili baadaye kijiji cha ujamaa kilituita kwenye mkutano. Walitaka kujenga zahanati yao wenyewe, kwa matofali yao na nguvu zao, ila waliomba ushauri wa hospitali. Matroni akasema tutakwenda yeye na mimi. Mwanafunzi wetu alikuwa sasa amehitimu, naye pamoja na daktari aliyekuwa ameletwa karibuni wangeshika wodi hadi jioni. Ilikuwa Alhamisi. Tulipofika tukaambiwa mwenyekiti ameitwa Same na hatarudi kabla ya saa tisa. Ilikuwa saa nne. Wanakijiji walitukaribisha uji, tukanywa, tukamaliza, tukakaa. Matroni alikaa wima kwenye benchi akitazama mikono yake, kama mtu aliyeletwa mahali bila kazi kwa mara ya kwanza.

"Hilo boti lako liko wapi?" akauliza ghafla.

Nikamwonyesha. Fundi alikuwa ameshausimika mlingoti mpya.

"Linabeba watu wawili?"

"Linabeba watano, matroni."

Alivua viatu, akaviweka sawasawa ufukweni, vimeelekea mlimani. Akaingia majini na sketi yake ya kazi, akapanda chomboni, akashika ukingo kwa mikono yote miwili na kukaa chini sakafuni, si kwenye ubao. Uso wake ulikuwa umebadilika. Niliona kwamba yule mwanamke niliyemwogopa kwa miaka mitatu alikuwa anaogopa.

"Tukitaka kurudi?" akauliza.

"Tunarudi. Sema tu."

Upepo ulikuwa mdogo, wa kirafiki. Tanga lilijaa bila kelele. Tulipoacha matete nyuma akaachia ukingo kwa mkono mmoja. Baada ya muda akaniuliza kamba hii ya nini, na ile ya nini, nikamweleza. Akauliza kwa nini hatuendi moja kwa moja kule tunakokwenda, nikamwambia upepo unatoka huko huko, kwa hiyo tunakwenda kwa kukata pembeni, kushoto kisha kulia. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Kama kupanda kwetu." Ni kweli, njia za Upareni zinapanda hivyohivyo. Kisha hakuuliza tena. Nilidhani anatazama milima, maana kutoka pale unaiona yote, na ukijua pa kuangalia unaona hata mabati ya hospitali. Nilipoinama kupitisha kamba nikaona macho yake yamefumba.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ubavu wa chombo, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani. Alilala kama watoto wanavyolala wakishanyonya, usingizi wa kuanguka.

Sikujua la kufanya, nikaendelea. Kila nilipogeuza chombo niligeuza polepole, nikilishika tanga kwa mkono lisipige. Nilikata maji kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mbali na ukingo ili kelele za watoto zisifike. Jua lilipanda. Nilivua kitambaa changu cha kichwa nikakitanda juu ya ubao na makasia kumpa kivuli usoni. Wavuvi walipita wakanipungia, nikawaonyesha kidole mdomoni, wakapita kimya. Nafikiri alilala kwa muda wa saa mbili na nusu. Katika maisha yangu yote ya tanga sijawahi kuendesha chombo vizuri kuliko siku ile.

Alipoamka hakuruka. Alifungua macho, akatazama tanga, akanitazama mimi.

"Saa ngapi?"

"Inakaribia saa nane."

"Kengele ililia?"

"Hapana, matroni."

Akajifuta mdomo kwa kiganja. Akakaa kwenye ubao, kama abiria wa kawaida, mpaka tunafika. Mkutanoni alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza.

Hakunipa ruhusa kwa maneno. Alichofanya ni kuandika upya ratiba ya zamu. Kwanza alikwenda kwa wazee wa usharika wenye hospitali na kwa mganga mkuu wa wilaya kuomba mkunga wa tatu, akaambiwa asubiri, akaenda tena, akaenda tena. Wakati anasubiri alichukua akina mama wawili wa kijijini waliomaliza shule ya kati, wenye familia zao na akili zilizotulia, akawafundisha yeye mwenyewe. Mkunga akaja baada ya mavuno. Siku ile matroni alibandika karatasi ukutani, na kwenye karatasi hiyo kila mmoja wetu alikuwa na siku moja kwa wiki ambayo kengele haikuwa yake. Chini aliandika kwa mwandiko wake wa wima kwamba mwenye siku hiyo asiitwe hata akiwa amesimama karibu. Yangu ilikuwa Alhamisi. Yake ilikuwa Jumanne. Jumanne ya kwanza alizunguka hospitali mara nne akitafuta kitu cha kufanya, mpaka mmoja wa wale akina mama akamwambia kwa heshima, "Matroni, shikamoo, nenda nyumbani." Akaenda kwenye shamba lake la kahawa. Sauti ya jembe lake tuliisikia mpaka wodini.

Kalimawe alikuja tena mara nne katika miaka iliyofuata, na mara zote nne alilala.

Zahanati ya kijiji ilijengwa, ya matofali ya kuchoma, na mimi nikapewa kuiangalia kila Alhamisi asubuhi kabla ya kuteremka majini. Hapo ndipo nilipopata wanafunzi. Wanawake wawili wa kijiji, mmoja akiwa mke wa fundi, walikuwa wakizunguka bwawa kwa miguu nusu siku kwenda kukata kuni upande wa nyika. Waliniomba niwavushe. Nikawavusha. Safari ya tatu mke wa fundi, ambaye mumewe kwa miaka yote hiyo alikuwa amemwambia mambo ya tanga ni ya Wanyasa wenye ndevu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kushika ule mti wa nyuma. Nikasogea. Mwanzoni alitupeleka kwenye matete. Tukacheka mpaka kuni zikaanguka.

Niliposhika miaka thelathini na minne niliitwa kwenda Same mjini kusimamia huduma za mama na mtoto kwa wilaya nzima, kuanzia Gonja mpaka milima ya kaskazini, Ngujini na Msangeni zikiwemo. Ilikuwa kazi ya gari, mafaili na vumbi. Bwawa likawa la mara moja kwa mwezi, na miezi mingine halikuwa hata hivyo. Nilidhani nitaumia zaidi kuliko nilivyoumia.

Mara ya mwisho kabla sijahamisha vitu vyangu nilifika Kalimawe mchana bila taarifa, chombo hakipo ufukweni. Fundi alikuwa amekaa kwenye gogo na binti yao, sasa wa shule, wakila muwa.

"Ameondoka nacho tangu asubuhi," akasema. "Nimemwambia upepo mkali. Ameniambia nikae."

Nikakaa karibu naye. Binti akanikatia kipande cha muwa. Baada ya muda tukaliona lile tanga la magunia, viraka vyake vingi vipya, likija kwa mwinamo kutoka ng'ambo, limejaa barabara, kuni zimepangwa katikati, na mke wa fundi nyuma, kanga imefungwa kiunoni, haangalii upande wetu kabisa.

"Analishika juu mno," fundi akasema.

"Mwache," nikamwambia. "Analishika vizuri."

Tukanyanyuka kwenda kumpokea kuni.